Mwenye Wimbo wa Barabara ya Sondu

Ninyi mnaoanza sasa kazi ya kuhifadhi nyaraka na sauti mtafundishwa mengi ambayo mimi sikufundishwa: joto la chumba, unyevu, namna ya kushika picha kwa kingo zake. Lakini sina hakika kama kuna atakayewaambia kwamba kazi hii itawatia wasiwasi, na kwamba wasiwasi huo si ugonjwa. Mimi ulinikalia kifuani miaka yote ya kazi. Sasa nimestaafu, na ninaukumbuka kama jirani msumbufu ambaye siku moja alizima moto jikoni kwangu.

Niliingia kama taipisti. Hifadhi yetu ilikuwa nyumba ya zamani mjini Kisumu, yenye madirisha ya upande wa ziwa ambayo hatukuruhusiwa kuyafungua kwa sababu ya wadudu. Hakuna aliyenituma kusoma chochote. Nilijifunza kwa kusoma kadi za wengine wakati wa chakula cha mchana, nikitafuta makosa. Yangu ndiyo niliyoyaona zaidi. Nilikuwa naweza kuandika kadi moja, nikaichana, nikaiandika tena, nikaichana kwa sababu herufi moja ilikuwa imeinama. Bwana Salim, aliyekuwa msimamizi wa Chumba cha Sauti, alifikia hatua ya kunificha kadi tupu.

"Bi Rispa," aliniambia, "kadi hii umeiandika vizuri mpaka naogopa kuisoma. Sasa niambie, ni ya kweli?"

Salim alikuwa mtu wa Kisumu kabisa, ingawa babu yake alikuja na reli kutoka pwani. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, na Kidholuo chake kilikuwa cha sokoni, cha kubishana. Yeye ndiye mwalimu pekee niliyepata. Hakuwahi kunifundisha akiwa ameketi. Alinifundisha akiwa amebeba kitu.

Katika kila kadi ya wimbo palikuwa na nafasi ya "Mtunzi", na katika kadi nyingi nafasi hiyo ilijazwa neno moja: hajulikani. Neno hilo lilinikera kuliko vumbi. Niliapa kwamba nitalipunguza, na kwa sababu nilikuwa na haraka ya kulipunguza, nikaanza kwa kuchekesha watu.

Kulikuwa na tepu moja iliyorekodiwa kwenye mazishi huko Asembo. Mpiga nyatiti, kile kinubi cha huku, anaimba vizuri, halafu kila baada ya kitambo anamtaja Okelo: Okelo simba wa nyavu, Okelo asiyelala njaa ziwa likilala. Jina linarudi na kurudi. Nikafikiri, kama hili si sahihi ya mtunzi, basi sahihi ni nini? Nikaandika kwa wino: Mtunzi, Okelo wa Asembo. Nikampelekea habari huyo Okelo kupitia kwa mtu wa kwao, nikijiona nimetenda jambo kubwa. Akaja ofisini mwenyewe, mtu mnene mwenye furaha, mnunuzi wa samaki.

"Mimi ndio nimetunga?" akauliza, akicheka hadi akashika meza. "Madam, mimi hata kwaya ya kanisa walinitoa. Mimi nililipa tu, akaniimba!"

Nilitaka sakafu inimeze. Nilikulia Seme, nimeona pakruok tangu utotoni. Mtu anasimamisha mwimbaji, anampa kitu mkononi, anajisifu na kusifiwa ndani ya wimbo. Nilijua. Lakini nilipovaa viatu vya ofisi, nilisahau nilichokijua nikiwa pekupeku. Salim hakucheka. Alichukua kadi, akaigeuza upande wa nyuma uliokuwa mweupe, akanipa tena. "Anayetajwa na anayetunga ni watu wawili," akasema. "Na anayesikika ni wa tatu. Usiwachanganye, watakugombanisha."

Mengine nilijifunza vivyo hivyo, kwa kuumia kidogo kidogo. Kwa mfano, nilipata historia ya ukoo mmoja iliyopigwa chapa bila jina, nikaitafuta mashine yenye herufi iliyovunjika mguu kama ile, na nikaipata kwa karani fulani. Karani akaniambia aliipiga tu, mzee alikuwa anasema. Basi nanyi mkipata mashine msishangilie, ulizeni ni nani aliyekuwa ameketi kando ya mashine. Kwa tepu, sikilizeni kabla ya wimbo na baada yake. Watu wakidhani mashine haijaanza ndipo wanapoitana kwa majina yao. Na lebo ya kasha msiiamini mpaka mjue ilisemwa na mdomo wa nani. Lebo haikushuka kutoka mbinguni. Kuna mtu alisimama pale na kalamu, na kuna mtu mwingine alimjibu.

Hilo la mwisho nililijua kwa maneno tu hadi ulipokuja wimbo ninaotaka kuwasimulia.

Wakati huo kulikuwa na wimbo wa maombolezo uliojulikana pwani yote ya ziwa. Mwombolezaji anasimulia safari ya kwenda mazishini, mahali baada ya mahali. Aliyeuimba zaidi alikuwa Mzee Aduol, mpiga nyatiti wa Kondele. Alikuwa ameuimba hata redioni, na ukisema "wimbo wa Aduol" kila mtu alijua ni upi. Dokta Nekesa, mtafiti kijana kutoka chuo kikuu, alikuwa anakamilisha kitabu cha nyimbo za huku, na chini ya wimbo huo alikuwa ameandika jina la Aduol. Kabla ya kupeleka kitabu kwa mchapishaji akaja kwetu kuhakikisha. Nilimpenda kwa sababu hiyo: alikuwa na wasiwasi kama wangu, ila wake ulikuwa na digrii.

Salim alimtolea tepu ya zamani ambayo haikuwa imechezwa kwa muda mrefu, kwa sababu mashine yetu ilikuwa inasubiri fundi. Ilipotengenezwa, tukaketi watatu tukasikiliza. Ulikuwa wimbo uleule, lakini anayeimba ni mwanamke, na tepu ilitangulia umaarufu wa Aduol kwa miaka. Mwanzo ulikuwa umekatika, maana aliyerekodi alichelewa kuwasha. Kwenye kasha palikuwa na maneno mawili tu: Nyar Nyakach. Sondu.

Dokta Nekesa akavua miwani. "Kama huyu mama yuko hai, na mimi nichapishe jina la mtu mwingine..."

"Nitamtafuta," nikasema. Nilisema upesi kuliko nilivyokuwa nimefikiri.

Nikaenda Sondu siku ya soko. Sondu iko Nyakach, mpakani na Kericho, na soko lake lina watu wa pande zote. Nikamwendea mama mmoja wa viazi vitamu, nikamwamkia kwa heshima.

"Samahani mama. Natafuta mtu anaitwa Nyar Nyakach."

Akaniangalia toka viatu hadi nywele. "Unatafuta nani?"

"Nyar Nyakach. Aliimba hapa kwa mazishi, zamani."

Akageukia wenzake, akapaza sauti. "Nyinyi! Iko mtu wa ofisi hapa anatafuta Nyar Nyakach!"

"Niko!" akajibu muuza nyanya.

"Hata mimi niko!" akasema mwingine.

"Mimi ndio mkubwa wao," akasema bibi kizee wa vyungu. "Kama ni mambo mzuri nakuja. Kama ni korti, huyo mimi simjui."

Soko zima likacheka. Mimi nilishika kitabu changu cha kuandikia kama ngao. Yule mama wa viazi akanihurumia, akanivuta kwenye kigoda chake.

"Wewe umeolewa?"

"Ndiyo, mama."

"Kwenu wapi?"

"Seme."

"Na kwa bwana yako wanakuita nani?"

"Nyar Seme."

"Sasa ukirudi kwenu, mama yako anakuita Nyar Seme?"

Akanipiga begani. "Unatafutia Nyar Nyakach Nyakach ya nini, mwanangu? Hapa sisi wote ni mabinti wa Nyakach, nani ataitana hivyo? Enda utafute kwa wenye walimuoa."

Kwa wale wasiotoka huku: mwanamke akiolewa, wakwe humwita binti wa kwao, nyar wa mahali fulani. Jina hilo huanzia pale kwao panapoishia. Mimi mwenyewe niliitwa hivyo kila siku nyumbani kwa mume wangu, nikiosha vyombo. Lakini kasha lilisema Sondu, nami niliamini kasha. Nilirudi Kisumu nikiwa nimeaibika na nimefurahi kwa pamoja, jambo ambalo sikujua linawezekana. Kwa maana sasa nilijua mdomo uliosema lebo ile. Haukuwa mdomo wa mtu wa Sondu. Ulikuwa wa wageni waliomsindikiza yule mama kutoka alikoolewa, wamesimama kando ya mwenye mashine, wakaulizwa "Anaimba nani?" wakajibu kwa jina walilozoea kumwita.

Lakini walitoka wapi? Hapo ndipo Dokta Nekesa alipofanya kazi ambayo mimi nisingeweza. Alikuwa na wimbo ule kutoka kwa waimbaji kadhaa, akaupanga mezani, mstari kwa mstari.

"Rispa, tazama," akasema. "Majina ya watu yanabadilika kila mazishi. Pa kuanzia panabadilika, kila mtu anaanzia kwake. Lakini katikati hakuna anayegusa. Bondo. Kisumu. Ahero. Halafu, sijui kwa nini, inarudi Kisumu. Halafu Ahero tena, Katito, Sondu."

"Hapo pa kurudi labda tepu ziliharibika," nikasema.

"Zote? Mahali pamoja?" Akageuza karatasi. "Na kwenye tepu yenu, kabla ya Bondo, kuna hili: anavuka panapokutana ziwa kubwa na ziwa dogo. Aduol hana mstari huu. Hakuna aliye nao."

Salim alikuwa mlangoni amebeba kiti kibovu. Akakiweka chini. "Ziwa dogo ni Sare, na Usenge iko kati yake na ziwa kubwa," akasema. "Mama huyo ametoka Usenge. Kesho naomba gari."

Salim alinakili wimbo kwenye kaseti, tukaenda watatu kwa gari la ofisi. Usenge siku hiyo kulikuwa na omena, wale dagaa wa ziwani, imeanikwa ufuo mzima, inang'aa mpaka inaumiza macho, na wanunuzi wanabishana na wanawake wenye mali. Tulipouliza Nyar Nyakach hakuna aliyecheka. Walituonyesha boma, wakatuonyesha na mlango. Ndani tulimkuta mama mrefu, mkavu, anachagua mchele kwenye ungo. Kando yake alikuwepo msichana wa shule, mjukuu wake Achieng.

Tulipoeleza tulichofuata, mama akaweka ungo chini.

"Nani amewatuma? Aduol?"

"Hapana, mama. Ni tepu imetutuma."

"Kwa sababu huyu," akamwonyesha Achieng kwa kidole, "huyu ananiambia nimeiba wimbo kwa redio."

"Lakini Dani," Achieng akasema, "redio iliimba kwanza. Mimi nilisikia redio, halafu nikasikia wewe."

"Wewe umezaliwa juzi! Utajua kwanza ni nini?" Akanigeukia. Sauti yake ikashuka. "Mwanangu, hata watoto wangu mwenyewe wanaamini hivyo. Siku nikifa watamwita Aduol, wamlishe, aimbe. Nitakuwa nimelala pale, mtu ananipea zawadi ya kitu yangu, na watu wanamshukuru. Hiyo ndio sitaki."

Basi hilo ndilo lililokuwa mikononi mwetu. Nilitaka kumwamini palepale, na kwa sababu nilitaka mno, nikaogopa. Nikasema neno ambalo hadi leo nikilikumbuka masikio hupata moto.

"Mama, unaweza kutuimbia kidogo, tulinganishe?"

Hata Achieng alinitazama kwa mshangao.

"Nimlilie nani?" mama akauliza polepole. "Umeona maiti kwangu?"

Nilijua wimbo wa kilio hauimbwi bomani pasipo msiba, maana ni kama kuuita. Salim ndiye aliyeniokoa.

"Mama," akasema, "mashine haina kwao. Ikilia, inalia peke yake. Tukupeleke wewe usikilize tu."

Akafikiria. "Basi ikalie huko ufuoni. Si ndani ya boma yangu."

Tukashuka ufuoni. Salim akaiweka redio ya kaseti juu ya mtumbwi uliopinduliwa, na wanawake wa omena wakakusanyika. Sauti ilipotoka, mama aliinamisha kichwa kama anayesikiliza kupitia ukuta. Sauti ya pili, ile inayoitikia, ilipoingia, akaweka kiganja mdomoni.

"Huyo ni Nyar Ugenya," akasema. "Mke mwenzangu. Tulimzika hapo juu." Kisha akainua mkono. "Sasa ngoja. Sasa ng'ombe wanakuja."

Na wakaja. Kwenye kaseti zikasikika kengele, kwato, wanaume wakiswaga ng'ombe na kupiga kelele za kukifukuza kifo kama ilivyo desturi ya msiba, kisha kishindo, kama mtu aliyeangusha kipaza sauti akakimbia. Wanawake wa ufuoni wakapiga mayowe ya kicheko. "Huyo kijana wa mashine alipanda mti!" mama akasema, na kwa mara ya kwanza nikayaona meno yake.

Salim akazima, akanitazama kama kuniambia, haya, umetosheka. Dokta Nekesa alikuwa anafuta macho. Mimi, naomba mnielewe, sikuwa nimetosheka. Alikuwepo, ndiyo. Sauti ni yake, ndiyo. Lakini Salim mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba anayesikika na anayetunga ni watu wawili.

"Mama," nikasema, "sauti ni yako, nimekubali. Na maneno?"

Wanawake wakanung'unika. "Huyu naye ni polisi?" mmoja akauliza. Lakini nilikuwa nimeshaanza.

"Kuna kitu kimoja hatukielewi. Kwa nini wimbo unafika Ahero, halafu unarudi Kisumu?"

Mama alitazama ziwa, kisha akanigeukia.

"Hakuna mtu amewahi kuniuliza hiyo," akasema.

Ndugu yake wa tumbo moja alikuwa amekufa Sondu, na habari ilimfikia Usenge. Aliondoka na wenzake, akapata lori la omena hadi Kisumu, amekaa juu ya magunia, na gari lingine hadi Ahero. Lakini mto Nyando ulikuwa umefurika, maji yako juu ya daraja. Wote wakarudishwa Kisumu. Walilala stendi. Maji yaliposhuka walivuka, wakapita Katito, wakafika Sondu wakakuta ndugu yake ameshafukiwa.

"Udongo bado mbichi," akasema. "Na watu wa kwetu wamekaa pale, hakuna mtu ananisalimia. Nasikia wanasema, huyu ameolewa mbali, ameshiba samaki, amesahau ndugu yake. Sasa nitasema nini? Nitashikana na nani? Nikasimama kwa kaburi, nikawaimbia barabara. Yote. Mahali kwa mahali, na pale nilirudishwa. Wajue sikukaa."

Hata wale wanunuzi walikuwa wameacha kubishana. Achieng alikuwa amesimama nyuma ya nyanya yake, ameshika ncha ya leso yake.

Niliandika nikiwa nimeinama ili wasione uso wangu. Kisha nikamuuliza yote, sasa bila woga, naye akagawa kama mtu anayegawa samaki kwa haki. Maneno ni yake. Sauti ya wimbo, yaani mwendo wake, aliisikia kwa nyanya yake, hajui ilitoka wapi. Kuitikia ni kwa Nyar Ugenya, ambaye alikubuni palepale njiani, darajani, akimfariji. "Msimwache huyo," akasema. "Bila yeye ningeimba nusu tu."

"Na jina lako tuandike Nyar Nyakach?"

"Hapana. Hilo ni jina la hapa, na ni zuri, limenilisha. Lakini huo wimbo nilitunga barabarani. Barabarani sikuwa wa huku, sikuwa wa kule. Andika jina mama yangu alinipa. Wilkista Adero."

Tulimwendea Mzee Aduol Kondele wiki ileile. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nikakuta mtu mpole anayekaza nyuzi za nyatiti kwa meno. Dokta Nekesa alimuuliza wimbo ni wa nani.

"Mimi sijawahi kusema ni wangu," akajibu. "Pia hakuna mtu ameniuliza. Niliukuta Sondu, nilikuwa nimeitwa kupiga huko. Mama mmoja aliimba mpaka nikaacha kupiga. Jina lake sikujua. Na mwenye kulipa anataka jina lake ndani, si jina ya mwenye wimbo."

"Mzee," nikasema, "hapo unaporudi Kisumu. Kwa nini unarudi?"

"Hiyo? Mimi huimba tu. Nilidhani ni kupamba."

Nikamwambia. Alitoa uzi mdomoni. Alikaa akiutazama mkono wake.

"Miaka hii yote," akasema, "nimekuwa nikimrudisha huyo mama Kisumu, na sijui anachelewa kuzika ndugu yake." Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayejiandaa kuumizwa, "Sasa mnanitoa kwa kitabu?"

"Hapana, Mzee," Dokta Nekesa akasema. "Bila wewe nani angeujua? Wewe ndiye uliyeubeba. Tunaweka kila mtu mahali pake."

Tangu hapo kadi zetu zikawa na nafasi tatu: aliyetunga, aliyeimba, aliyetajwa. Mkiona kadi za zamani za Kisumu zenye nafasi hizo tatu, ni sisi. Sitajifanya mnyenyekevu hapa. Ninajivunia, na ninataka mjue.

Kitabu kilipotoka tulikipeleka Usenge. Mama Wilkista hakujua kusoma, kwa hiyo Achieng alimsomea ukurasa ule kwa sauti, chini ya mwanga wa mlangoni, pamoja na jina la Nyar Ugenya na jina la Aduol. Alipomaliza, mama akamwambia asome tena, na mara hii aliwaita majirani kwanza. Achieng hakuongea tena habari ya redio.

Kisha miaka ikapita, tukapata mashine ndogo za kurekodi, na kompyuta ya kwanza ambayo Salim alikataa kuigusa hadi alipostaafu. Miaka ya tisini ilikuwa inakaribia kwisha nilipopata habari kwamba Mama Wilkista amefariki. Nilikwenda Usenge na mashine yangu, si kwa kutumwa.

Watu walikuwa wengi. Mzee Aduol alikuwepo, amezeeka, na watoto wa marehemu walikuwa wamemwita kweli, kama alivyoogopa mama yao. Watu walipoanza kupiga kelele, "Mzee, ule wimbo! Ule wa barabara!" alijiinua kwa taabu, akangoja wanyamaze.

"Mwenye huo wimbo ni huyu tunazika," akasema. "Mimi niliuazima kwake bila kumwambia. Leo sianzishi. Aanzishe mtu wa nyumba yake, mimi nitaitikia."

Watu wakatazamana. Mabinti wa marehemu walikuwa wamechoka kwa kulia. Ndipo Achieng akatoka mbele, mwanamke mzima sasa, anayefanya kazi Nairobi, bado na vumbi la safari kwenye viatu. Hakuanzia Usenge. Alianzia Nairobi, akapita Naivasha ambako basi liliharibika wakakaa kando ya barabara, akapita Nakuru, akapita Kericho, na mbele ya lango la Sondu alisimama kidogo kumsalimia kaka wa nyanya yake aliyezikwa pale. Kisha akaichukua barabara ya nyanya yake, lakini kinyume: Katito, Ahero, Kisumu, Bondo, mpaka panapokutana ziwa kubwa na ziwa dogo. Aduol aliitikia kila mahali kwa maneno ya Nyar Ugenya, na sauti yake ya uzee haikumpita Achieng hata mara moja.

Walipomaliza nilingoja watu watawanyike. Nilimkuta Achieng ameketi chini, ameegemea ukuta wa nyumba, amevua viatu. Nilikuwa na kadi mkononi na kalamu, na aibu yangu ya zamani ya kumsumbua mtu aliyefiwa. Lakini nilikuwa nimejifunza kwamba ukiacha kuuliza leo, kesho utaandika hajulikani.

"Achieng, pole sana. Kile kipande cha Naivasha, ni cha nani?"

Alijifuta uso kwa nyuma ya mkono, akanitazama moja kwa moja.

"Changu," akasema. "Andika."